Pete Ilivunjwa Kabla ya Kupimwa

Kazi iliharibika dakika ya nne. Ninyi mnaofuatilia usonara wa ukanda huu, kuanzia Ngara na Biharamulo mpaka Chato na Geita, video ile mmeiona. Imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wiki nzima. Mama wa Ngara amekaa upande wa pili wa meza. Pete ya almasi aliyoachiwa na mama mkwe wake iko mkononi mwa fundi, pale Biharamulo mjini. Amemuuliza swali la maana, na amemuuliza kwa adabu: aiuze hivyo ilivyo, au iundwe upya ivaliwe na binti yake anayekaribia kuolewa? Fundi hakugusa mizani wala hakuinua lenzi. Alichukua plaizi, akapenyeza ncha yake chini ya kikucha kimoja, akakikunja, jiwe likaruka mezani.

Kuanzia hapo swali la mama halikuwa na jibu tena. Pete nzima ina njia mbili, ya kuuzwa na ya kuundwa upya. Ikishavunjwa, njia ya kwanza imefungwa, na ya pili haichaguliwi bali inabaki yenyewe. Mama alipouliza kwa nini bei ya pete nzima haikutajwa kwanza, fundi alimjibu kwamba ikiwa hivyo haina bei, bei iko kwenye dhahabu. Alilisema hilo kabla hajaisoma alama hata moja.

Wengi mmemsifu kwa pete aliyoitoa mwishoni. Kiduara kimekaa sawa, lehemu haionekani, mng'ao ni wa mtu anayeijua brashi yake. Nimeyaona hayo. Turudi dakika ya nne.

Simamisheni video kabla plaizi haijaingia, pale fundi anapoigeuza pete mbele ya kamera. Jiwe ni la mviringo, lakini uso wake wa juu ni mdogo na mabega yake yamepanda. Ukitazama katikati, chini kabisa, kuna kiduara kidogo kinachoonekana kupitia jiwe lenyewe. Hicho ndicho cha kukamata. Almasi za mkato wa kisasa huishia chini kwenye ncha kali. Wakataji wa zamani waliikata ncha ile ikawa bapa, na ubapa huo ndio unaoonekana ukitazama kutoka juu. Marcel Tolkowsky alichapisha hesabu zake za vipimo vya mkato mwaka 1919, na katika miaka iliyofuata mkato wa zamani ukaanza kuachwa. Jiwe la mama huyu lilikatwa kwa jicho na mkono wa mtu aliyefanya kazi kwa kawaida za kabla ya hapo.

Kisha fundi anaonyesha ndani ya kiduara cha pete, sekunde mbili tu. Kuna alama ndogo ya kichwa cha tai. Hiyo ni alama ya serikali ya Ufaransa kwa dhahabu ya karati 18, na inagongwa tangu 1838. Kando yake kuna herufi mbili na mwaka, zimechongwa kwa mkono. Herufi zinasomeka. Fundi alipita juu yake kwa kidole gumba akaendelea kuongea.

Mama anaeleza mwanzoni kwamba mkwe wake aliipata pete hiyo enzi za Benaco. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa Benaco ni nini. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa kama siku moja, na kambi ya Benaco huko Ngara ikapokea watu waliobeba walichoweza kubeba. Pete yenye alama ya Kifaransa, kutoka nchi iliyotawaliwa na Ubelgiji mpaka 1962, ikafika Ngara mwaka ule. Herufi mbili zile zinaweza kuwa na watoto na wajukuu walio hai ng'ambo ya mto Kagera. Inawezekana iliuzwa kwa hiari ili watoto wapate kula. Inawezekana pia ilivuliwa kwenye kidole cha mtu aliyekuwa ameuawa. Kwa pete yenye asili kama hiyo, kusoma maandishi ya ndani ni wajibu wa kwanza wa sonara, kabla ya mizani na kabla ya pesa. Mama alitakiwa aambiwe: kuna herufi za majina humu, piga picha, fikiria kama unataka kuuliza Kigali kabla hatujagusa chochote. Herufi zile ziliingia kwenye chungu cha kuyeyushia dakika ya saba.

Sasa tuingie kwenye pesa, maana fundi alijitetea kwa pesa.

Kwa dhahabu, hesabu yake inavutia na ninajua kwa nini inawavuta wengi siku hizi. Oktoba 2025 wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 4,000 kwenye soko la dunia. Wakia ni gramu 31.1, kwa hiyo gramu ya dhahabu safi ilikuwa juu ya dola 128. Pete ya gramu 4 ya karati 18 ina gramu 3 za dhahabu safi, na hizo kwa bei ile zilikaribia dola 385 kabla mnunuzi hajakata chake. Biharamulo imeishi na dhahabu tangu mgodi wa Tulawaka ulipoanza kuzalisha mwaka 2005, na kila mtoto wa mjini anajua gramu ni kiasi gani. Mtu aliyelelewa kwenye mizani ya dhahabu anaona pete na kuihesabu kwa gramu. Jiwe linakuwa kizuizi cha kutolewa ili uzito utoke sawasawa.

Jiwe nalo lina hesabu yake, na linapimwa likiwa palepale kwenye kiti chake. Chukua kalipa, pima kipenyo na kina kwa milimita. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa kina, kisha kwa 0.0061. Tuseme kipenyo ni 5.9 na kina ni 3.9, basi jiwe lina karati 0.83 hivi. Ni kazi ya dakika moja na haihitaji kikucha hata kimoja kikunjwe. Weka lenzi ya mara kumi jichoni utazame kingo: almasi ina kingo kali hata baada ya miaka mingi, ila zirikoni huchoka na kulainika. Gusa kwa kalamu ya kupimia joto. Nimesema mara nyingi kwenye ukurasa huu, na sitaacha kusema, kwamba kalamu ile peke yake haitoshi, kwa sababu mosanaiti, jiwe linalofanana na almasi, nayo hupitisha joto na kuidanganya. Itazame mosanaiti kwa lenzi kutoka pembeni utaona mistari yake ya chini imejirudia miwili miwili. Almasi haifanyi hivyo. Sonara asiye na lenzi mfukoni hana ruhusa yangu ya kugusa pete ya mtu.

Halafu kuna jambo ambalo sikuona hata mmoja wenu akilitaja. Soko la almasi limevurugwa na almasi za maabara. De Beers wenyewe walianza kuuza za kwao mwaka 2018 kwa jina la Lightbox, dola 800 kwa karati, na mwaka 2025 wakatangaza kuifunga biashara hiyo baada ya bei za mawe hayo kuporomoka. Leo mnunuzi akiona almasi peke yake kwenye karatasi, shaka yake ya kwanza ni kama imechimbwa au imepikwa. Almasi za kwanza za maabara zilitengenezwa katika miaka ya 1950, na za kufaa kuvaliwa zilichelewa zaidi ya hapo. Jiwe la mkato wa zamani, likiwa bado limeshikwa na vikucha vyake vya zamani vilivyochakaa pamoja nalo, kwenye pete yenye alama na mwaka wake, linajitolea ushahidi lenyewe. Macho yanayojua yataona kwamba limekaa hapo tangu kabla ya maabara yoyote. Fundi aliuvunja ushahidi huo kwa plaizi. Sasa jiwe lile likitaka kuaminiwa linahitaji cheti cha maabara ya nje, na gharama ya kulipeleka na kulirudisha inamwangukia mama, si fundi.

Pia alihatarisha jiwe lenyewe. Almasi haikwaruziki kirahisi, lakini ina mielekeo minne ambayo ikibanwa vibaya hupasuka kama ukuni uliopatiwa mshipa wake. Ukingo wa mawe ya zamani mara nyingi ni mwembamba kama wembe. Kikucha hufunguliwa kwa kukatwa kwa msumeno mwembamba au kusagwa kwa tupa kutoka nje, taratibu, mpaka jiwe lilegee lenyewe. Kukikunja kwa nguvu kunaufanya ukingo wa jiwe kuwa egemeo la plaizi. Pete mpya ina fremu ya dhahabu inayozunguka jiwe lote na kuufunika ukingo wake. Ni mtindo halali. Ningependa tu kuuona ukingo ule kabla haujafunikwa.

Dakika ya sita kuna kosa la pili, na hili linahusu mali ya mama moja kwa moja. Fundi alikata kichwa cha pete, kile kipande cheupe kilichoshika jiwe, akakiweka kwenye moto peke yake. Kikawa chekundu, kikawa cheupe kwa joto, hakikuyeyuka. Akakitoa, akasema ni chuma walichochanganyia, akakitupa pembeni ya meza. Mtazameni kipande kile kikipoa. Kimepoa kikiwa cheupe na safi. Chuma kikipata moto wa gesi hewani hutoka cheusi na magamba. Dhahabu nyeupe, ile inayopaushwa kwa nikeli kama hii iliyolala chini ya vilima vya Kabanga, ingeyeyuka, maana moto wake hauko mbali na wa dhahabu ya kawaida, ambayo ikiwa safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,064. Metali nyeupe inayokataa kuyeyuka kwa moto wa gesi na kutoka safi bila gamba ni platinamu. Hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 1,768 na mtungi wa gesi wa dukani haufiki huko. Masonara wa Ulaya wa mwanzo wa karne ya 20 walikuwa na desturi ya kuweka kichwa cha platinamu juu ya kiduara cha dhahabu, na Ufaransa iliigongea platinamu alama ya kichwa cha mbwa tangu 1912. Lenzi ingeionyesha pengine. Kipande cha platinamu cha mama kilitupwa kama taka mbele ya macho yake na mbele ya kamera.

Msiseme ninakataa kuvunja. Pete nyingi zinazoletwa mezani kwetu ni za kuvunjwa. Pete ya dukani ya karati 9, alama 375, yenye vijiwe kumi na viwili vya ukubwa wa mbegu ya mtama, haina mnunuzi wa kuilipia kama pete, na vijiwe vile hakuna anayevitolea bei. Hiyo ipime, iyeyushe, mpe mteja haki yake ya dhahabu, umalize. Hata jiwe kubwa la kisasa, mnunuzi wa mkono wa pili mara nyingi atalipa chini ya nusu ya bei ya dukani, na mteja anayekataa kulisikia hilo lazima aambiwe. Kuunda upya nako kuna mahali pake: kiduara kimekatika na kuungwa kila mahali, au vikucha vimeisha, au bibi arusi ana kidole kisicho na uhusiano na cha nyanya yake. Lakini mnapounda upya mjue mnaunda kwa ajili ya kuvaa. Mama ataongeza pesa ya ufundi, atapoteza dhahabu kwenye tupa na msasa, na siku akitaka kuuza, mnunuzi atamlipa gramu tu.

Kwa pete hii jibu langu lilikuwa lingine, na nalisema waziwazi. Haikuwa ya kuvunja. Vikucha vingeongezwa ncha, kiduara kingepanuliwa au kupunguzwa kwa kukatwa upande ambao hauna maandishi, jiwe lingesafishwa kwa maji ya sabuni, na binti angevaa pete ya bibi yake. Kama shida ilikuwa pesa, ingeuzwa nzima. Msiniambie soko liko mbali. Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya ziwa, na Biharamulo na Mwanza zimekuwa safari ya barabara bila kusubiri kivuko. Kwa mtu wa Ngara, Kigali iko jirani kuliko Dar es Salaam kwa mbali sana, mradi pete itangazwe forodhani pale Rusumo. Mahali pa kuipeleka papo. Haraka ndiyo iliyoiua.

Haraka hii haikuwepo zamani, na nchi hii ina mfano wake. Oktoba 1947 mgodi wa Mwadui ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, na mwenye mgodi, Dk. John Williamson, akaitoa zawadi kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyekuwa anaolewa mwezi uliofuata. Wakataji wa Briefel na Lemer wa London waliishughulikia mwaka 1948. Machi mwaka ule Elizabeth alikwenda na bibi yake, Malkia Mary, kuitazama kazi ikiendelea. Ikatoka ikiwa na karati 23.6. Halafu ikakaa. Watu wenye uwezo wa kumwita sonara yeyote duniani kesho yake asubuhi waliiacha bila kuvaliwa mpaka 1953, Frederick Mew wa Cartier alipochora ua ambalo jiwe lile lilistahili kuwa kitovu chake. Nusu na zaidi ya jiwe ghafi ilipotea kwenye mkato, ndiyo, lakini kila hatua ilifuata hatua ya kuangalia.

Na sisi tulikuwa na watu wa kuangalia. Kiwanda cha Tancut pale Iringa kiliwaweka Watanzania kwenye magurudumu ya kukatia almasi. Kizazi kizima kinalikumbuka jina lile kwa sababu ya muziki wa Tancut Almasi, na wachache wanakumbuka kwamba nyuma ya bendi kulikuwa na vijana waliojua kusoma jiwe kwa jicho. Kiwanda kilikufa na ujuzi ule haukurithishwa. Nitaendelea kulilalamikia hilo mpaka mtu mwenye mamlaka anisikie. Tumefungua masoko ya madini tangu 2019, Geita ikiwa ya mwanzo, na dhahabu inayotoka ardhini sasa inapimwa vizuri zaidi kuliko zamani. Pete inayotoka kwenye sanduku la marehemu haina mtu wa kuipima.

Wapo watakaoniambia kwamba hata wakubwa huvunja. Wanavunja, na nao wanakosea. Desemba 2008 mfanyabiashara wa almasi Laurence Graff alinunua London almasi ya buluu ya Wittelsbach, jiwe la karati 35.56 lililopita kwenye familia za kifalme za Ulaya kwa zaidi ya miaka mia mbili, kwa pauni milioni 16.4. Akaisaga upya mpaka 31.06. Daraja lake kwenye karatasi za maabara lilipanda, mikwaruzo ikaondoka, na umbo lililochongwa na wakataji wa karne ya 17 likaondoka nayo milele. Ninaichukia kazi ile tangu siku ya kwanza niliyoisoma. Lakini hata Graff alilipima jiwe lake, alilipiga picha, alilipeleka maabara kabla na baada, na dunia inajua alichokiondoa ni karati 4.5. Mama wa Ngara hajui alichoondolewa. Hana uzito wa pete yake ilipoingia, hana kipimo cha jiwe wala picha ya herufi, na hana risiti ya dhahabu iliyobaki baada ya kiduara kipya kuundwa. Linganisheni kwa macho dakika ya saba na dakika ya kumi na moja. Kiduara kipya ni chembamba kuliko cha kwanza. Mabaki yale yapo mahali fulani na yana mwenyewe.

Kwa hiyo nina maombi kwa watu watatu. Aliyeirekodi video asiifute. Atoe picha ya zile sekunde mbili za herufi, ikiwa safi kadiri inavyowezekana, ampe mama. Binti, kabla ya harusi, aipeleke pete mpya kwa sonara mwingine mwenye lenzi akague jiwe kutoka chini, maana fremu ile imeacha uwazi nyuma na mpasuko ukiwepo utaonekana. Na fundi, ambaye mkono wake ni mzuri na bado ana miaka mingi ya kazi mbele yake, afagie chini ya meza ile leo, akitafute kile kipande cheupe, akipime mbele ya mama pamoja na mabaki ya dhahabu, na ampe vyote mkononi.